Kabla Hujaingiza Mpira Kwenye Kolamu

Ukitaka kupima mtawanyo wa uzito wa molekuli wa mpira sintetiki, kazi kubwa iko kabla ya mashine. Tangu J. C. Moore wa kampuni ya Dow aitangaze njia hii, kromatografia ya kupenya jeli (GPC), mwaka 1964, kanuni ni ile ile: minyororo mirefu ya molekuli haipenyi kwenye vitundu vya kolamu, yaani bomba lililojazwa chembe zenye vitundu, hivyo hutangulia kutoka, mifupi huzama humo na kuchelewa. Kisichoyeyuka hakipimwi.

Kiyeyushi kiwe safi, kile kile kinachopita kwenye mashine. Miligramu moja au mbili kwa mililita zinatosha.

Usiharakishe kuyeyusha. Kata mpira vipande kama punje za mchele, uache usiku kucha, tikisa chupa taratibu. Mashine ya mawimbi ya sauti usiiguse. Hukatakata minyororo mirefu.

Sasa chujio, na hapa nisikilize vizuri. Niliwahi kuletewa mpira wa stirini na butadieni uliokaa stoo muda mrefu. Asubuhi mmumunyo ulionekana kama maji. Nikauvuta kwenye sirinji, nikafunga chujio la mikromita 0.45. Matone matatu, sirinji ikagoma. Nikakandamiza mpaka kidole gumba kikabaki na alama. Ukapita. Mchoro wa mashine ukatoka safi, kilele kimoja, nikaandika kwamba mpira ni mzima. Kiwandani ukakataa kuchanganyika, ukatoka na mabonge. Kurudi kwenye mchoro, eneo chini ya kilele lilikuwa kama nusu ya lile la sampuli mpya, ilhali nilipima uzito ule ule. Nusu nyingine ilibaki kwenye chujio: jeli, minyororo iliyofungamana kwa uzee, haiyeyuki tena.

Kwa hiyo sirinji ikigoma, acha. Inua chupa kwenye mwanga, tafuta vinavyoelea kama ute wa yai. Chuja kwenye wavu uliopimwa uzito, kausha, pima tena, andika kiasi cha jeli kwenye ripoti. Eneo la kilele lilinganishe kila mara.

Ukitumia polistireni, plastiki yenye uzito wa molekuli unaojulikana, kusawazisha mashine, taja hivyo. Namba za uzito wa molekuli za mpira wa butadieni zitasomeka kubwa kuliko uhalisia. Mpira uliotiwa mafuta una kilele cha mafuta mwishoni, usikijumlishe. Kiyeyushi kikiwa tetrahidrofurani isiyo na kizuizi, yaani kemikali ya kuizuia isiharibike, ikikaa hutengeneza peroksidi zinazoweza kulipuka, basi andika tarehe ya kufungua chupa, weka mbali na moto, na usiikaushe hadi tone la mwisho.