Ikunjue hofu yako mbele za Bwana
Mfalme Hezekia wa Yuda alipopokea barua ya vitisho kutoka Ashuru, taifa lililokuwa likiishambulia nchi yake, aliisoma, kisha akapanda nyumbani kwa Bwana na kuikunjua mbele zake (2 Wafalme 19:14). Nawe hofu inapokunyima usingizi, usiishie kusema “Mungu nisaidie”. Chukua karatasi uandike jambo lenyewe kwa jina lake, liwe ni deni, ugonjwa au mtoto aliyepotoka, kisha umsomee Mungu neno kwa neno, kwa sauti. Paulo, aliyewaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, anataka haja zetu zijulikane na Mungu pamoja na kushukuru (Wafilipi 4:6), kwa hiyo ongeza mstari mmoja wa shukrani, hata ukiwa mgumu kuuandika. Hofu ikirudi alfajiri, na mara nyingi hurudi, msomee Mungu tena karatasi ile ile.