Vipande vya majaribio vya gredi mbili: 00 kwanza, kisha 5 juu yake

Unapochapisha picha katika chumba cha giza, karatasi ya kontrasti badilifu (ambayo tofauti ya weupe na weusi wake hubadilishwa kwa filta), kama Ilford Multigrade, inakuruhusu kugawa mmuliko wa picha nyeusi na nyeupe mara mbili: kwanza kwa filta laini ya 00, gredi ya kontrasti ndogo kabisa, kisha kwa filta kali ya 5, gredi ya kontrasti kubwa kabisa. Filta laini inaweka kijivu chepesi cha sehemu nyeupe, filta kali inaweka weusi. Kosa la kawaida ni kutengeneza vipande viwili vya majaribio (vipande vya karatasi vinavyomulikwa ngazi kwa ngazi kwa sekunde tofauti ili kupata muda unaofaa) visivyohusiana, kimoja cha 00 na kingine cha 5, halafu kuchukua sekunde bora za kila kimoja na kuzijumlisha. Picha hutoka nzito. Kipande cha pili lazima kimulikwe juu ya mmuliko wa kwanza.

Sababu iko ndani ya karatasi yenyewe. Emalshani yake, yaani tabaka linaloitikia mwanga, ni mchanganyiko wa sehemu kadhaa ambazo zote huitikia mwanga wa buluu kwa kasi moja, lakini hutofautiana sana katika kuitikia kijani. Filta ya 00 ni ya manjano: huzuia buluu na kupitisha kijani, hivyo kila sehemu ya emalshani huanza kuwa nyeusi kwa wakati wake na kijivu hutandaa taratibu. Filta ya 5 ni ya majenta: huzuia kijani na kupitisha buluu, sehemu zote huitikia kwa pamoja na weusi huingia kwa kasi. Karatasi iliyokwisha kupata mwanga wa 00 haianzi tena kutoka sifuri, ndiyo maana mwanga wa 5 utakaofuata huzaa weusi zaidi ya ule ambao kipande cha 5 peke yake kingeonyesha.

Tuchukue negativu ya milimita 35: mzee wa kanzu nyeupe amesimama juani, nyuma yake mlango wa nakshi ulio kivulini. Mikunjo ya kanzu inahitaji kijivu chepesi mno, na nakshi za mlango zinahitaji weusi wa kweli bila kumezwa.

Maandalizi

Weka lenzi ya enlaja (mashine inayomulika negativu kwenye karatasi) kwenye tundu la f/8 na upange fokasi. Changanya dawa ya kusafishia, ile inayotokeza picha (Ilford Multigrade, sehemu 1 ya dawa kwa 9 za maji), na kando yake fiksa ya haraka, dawa inayoidumisha picha (1+4). Joto linalotakiwa ni nyuzi 20. Maji ya bomba ya Pwani mara nyingi huwa na joto kuliko hilo, kwa hiyo kalisha trei ya dawa ndani ya beseni la maji yenye barafu na uangalie kipimajoto kabla ya kila kipande. Dawa ikipanda joto katikati ya kazi, kipande cha kwanza na cha pili havilinganishiki tena.

Kata karatasi ya inchi 8 kwa 10 iwe vipande vya sentimita 5 kwa 20.

Sasa tengeneza kidirisha. Chukua kadibodi nyeusi pana na ukate tundu la sentimita 3 kwa 4.5. Chini yake gundisha vibanzi viwili vya kadibodi vinavyoacha njia ya sentimita 5, ili kipande kiteleze katikati. Kwenye kibanzi kimoja chora alama sita za penseli kila baada ya sentimita 3. Ukifunika na kufunua kipande kwa mtindo wa kawaida, kila ngazi hupata sehemu tofauti ya picha: moja inaangukia kanzu, nyingine ukuta, na unabaki kulinganisha vitu visivyolingana. Kwa kidirisha, ngazi zote sita zinaonyesha mkono uleule wa kanzu. Faida ya pili ni kwamba kila ngazi inamulikwa mara moja kwa muda wake kamili. Balbu huchukua muda kidogo kufikia nguvu yake, na mimuliko midogo ya sekunde mbili mbili ikijumlishwa haitoi mwanga sawa na mmuliko mmoja mrefu.

Hatua ya 1: kipande laini

Weka filta ya 00. Kwa kichwa cha enlaja chenye filta za rangi za ndani, weka manjano ya juu kabisa. Lenga kidirisha kwenye mkono wa kanzu, pale penye mikunjo, kisha mulika ngazi sita: sekunde 5, 7, 10, 14, 20 na 28. Kila ngazi inaongeza mwanga kwa nusu stopu (stopu moja ni mwanga maradufu), na tofauti hiyo jicho huiona bila shida.

Safisha kwa dakika moja kamili ikiwa karatasi ni ya plastiki. Usikitoe kipande mapema kwa kuwa kinaonekana cheusi, maana dawa isiyomaliza kazi inakudanganya juu ya weusi. Sekunde 10 kwenye dawa ya kusitisha (inayokomesha kazi ya dawa ya kusafishia), 30 kwenye fiksa, suuza, ndipo uwashe taa ya kawaida.

Tafuta ngazi ya kwanza ambayo mikunjo inaonekana na rangi ya kanzu imeanza tu kuachana na weupe wa karatasi. Mlango usikushughulishe hapa, kwani utakuwa wa kijivu na mchovu. Ukisita kati ya ngazi mbili, chukua iliyo nyepesi, kwa sababu mwanga wa 5 utaongeza uzito kidogo hata kwenye kanzu. Tuseme ni sekunde 10.

Hatua ya 2: kipande kikali juu ya laini

Hamishia kidirisha kwenye kona ya mlango ambako nakshi zinakutana na kivuli kizito. Kipande kipya, filta ya 00, mulika ngazi zote sita kwa sekunde 10 kila moja. Rudisha kipande kwenye alama ya kwanza. Badilisha filta taratibu bila kutikisa enlaja, weka ya 5. Ngazi ya kwanza iache bila mwanga wowote wa 5, iwe ya kulinganishia. Zinazofuata: sekunde 5, 7, 10, 14 na 20. Katika filta za Ilford, gredi 4 hadi 5 zinahitaji mwanga maradufu kuliko zile za chini, kwa hiyo zote zikitoka hafifu anza na 10 badala ya 5.

Safisha kama mwanzo. Chagua ngazi ya kwanza ambayo kivuli kizito kimefikia weusi wa mwisho wa karatasi huku mistari ya nakshi ikisomeka. Tuseme 14.

Hatua ya 3: hakiki

Kata kipande kipana kinachoshika kanzu na mlango pamoja. Mulika 10 kwa 00 na 14 kwa 5. Kanzu ikiwa imelemewa, punguza 00 hadi 9. Weusi ukilegea kwa sababu hiyo, ongeza 5 kidogo. Kontrasti ikiwa sawa lakini picha yote ni nzito, punguza nyakati zote mbili kwa uwiano uleule. Karatasi ya nyuzinyuzi, isiyo ya plastiki, huongezeka weusi kidogo ikikauka, kwa hiyo kausha kipande kabla ya kuamua.

Kanzu ikikataa kuwa nyeupe

Hata ngazi ya sekunde 5 ikiwa ya kijivu, funga lenzi hadi f/11, tundu dogo zaidi, na uanze upya. Kama kijivu kimeingia hadi kwenye ukingo mweupe usiomulikwa, shuku taa nyekundu ya chumba cha giza. Hapa karatasi hukaa chini ya taa hiyo muda mrefu kuliko kawaida, na karatasi iliyokwisha kumulikwa huathirika upesi kuliko mbichi. Jaribu hivi: mulika kipande hadi kijivu chepesi, weka sarafu juu yake, kiache chini ya taa nyekundu dakika tano, kisha kisafishe. Alama ya sarafu ikionekana, isogeze taa mbali au uibadilishe.

Filta moja ya gredi ya kati ingeweza kukupa kontrasti hiihii ya jumla. Ubora wa njia hii unaonekana unapochoma, yaani kuongezea mwanga, sehemu moja tu: mkono wa kanzu ukitaka rangi zaidi, uongezee kwa 00 peke yake, na mlango ukitaka kina, uongezee kwa 5 peke yake, kwa robo ya muda wa msingi kwanza.