Besi ya nyuzi tano kwa bajeti ya kawaida: kabla hujatoa hela sikiliza uzi wa B

Wakuu, kuna swali naulizwa sana hapa Dodoma, na wanaouliza wengi ni vijana wa kwaya au wale waliotumwa na kamati ya vyombo, wamechanga miezi mitatu minne hela imetimia, wanataka gitaa la besi la nyuzi tano na wanataka niwatajie kampuni. Nitataja huko chini. Ila kwa besi za bei ya kawaida, jina lililoandikwa kichwani kwenye gitaa halikuambii mengi kuhusu ule uzi wa tano, na ule uzi ndo umeongezea hela kuupata, maana nyuzi nne zilizobaki ungezipata kwa bei ya chini na pengine kwenye gitaa zuri zaidi. Kwa hiyo kama uzi huo wa tano, yaani uzi wa B ulio mnene kuliko zote, ni mbovu umenunua besi ya nyuzi nne yenye shingo nene.

Kwa nini tunauhitaji? Besi ya nyuzi nne chini inaishia E. Sasa ibada ya kwanza asubuhi, waimbaji sauti bado hazijafunguka, mwalimu wa kwaya anashusha ki (kimo cha wimbo) mpaka Eb au Db, hapo wa nyuzi nne inabidi aipige noti ya msingi oktevu ya juu (noti ile ile lakini nyembamba) na wimbo unabaki unaelea. Ukiwa na uzi wa B unapata Eb freti ya 4 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo), D freti ya 3, Db freti ya 2 na C freti ya kwanza. Na kuna faida nyingine ambayo kwangu mimi ni kubwa kuliko hiyo, ukiweka mkono freti ya 5 hadi ya 9 unapata oktevu mbili kamili kuanzia E ya chini bila kuhamisha mkono, kwenye sebene lile la kasi ambalo hupati hata nafasi ya kutazama shingo, hiyo ni nafuu kubwa sana.

Haya, dukani au nyumbani kwa mtu anayeuza. Shusha programu ya kutyuni kwenye simu kabla hujaondoka nyumbani. Tyuni nyuzi zote B E A D G, alafu kabla hujachomeka kwenye amplifaya piga ikiwa kavu hivyo hivyo, weka sikio kwenye ile pembe ya juu ya mwili wa gitaa, unasikia mbao yenyewe. Piga B ikiwa wazi, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu kama unavyopiga kanisani watu wameshasimama. Unachotafuta ni noti, yaani kitu unachoweza kukiimba. Kama unasikia mngurumo tu kama lori linapita barabara ya Morogoro usiku, uzi unacheza cheza umelegea na sindano ya tyuna inapanda ukipiga kwa nguvu alafu inashuka, weka alama ya kuuliza hapo. Kisha piga E iliyo wazi, halafu piga E ile ile kwenye uzi wa B freti ya 5. Hizi ni noti moja, zinatakiwa zisikike kama ndugu, moja inaweza kuwa nzito kidogo lakini wasiwe watu wasiofahamiana. Endelea mpaka freti ya 12, linganisha na ile sauti ya kengele unayoipata ukigusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, zote zisome B kwenye tyuna. Ikipishana kidogo tu inarekebishika kwenye briji (kile chuma cha mwilini ambapo nyuzi zinakaa), ikipishana sana na kile kiskrubu cha kurekebishia kimeshafika mwisho, achana nayo.

Ila usikatae gitaa kwa kosa la nyuzi. Za mtumba nyingi zinauzwa na nyuzi zilizochoka zina miaka. Njia ninayotumia ni hii, kama nyuzi zote tano zimefifia, tatizo ni nyuzi, nunua gitaa punguza bei. Kama nne zinalia vizuri na B peke yake imekufa, muombe muuzaji akuruhusu ubadilishe B, ndo maana mimi huwa natembea na uzi mmoja mpya wa B kwenye begi. Unene wa kawaida ni 0.125 hadi 0.130 ya inchi, na kuna zile zinazopungua unene pale zinapokaa kwenye briji, hizo mara nyingi zinatoa noti safi zaidi. Ukibadilisha na bado inanguruma, basi ni gitaa lenyewe, shukuru, rudisha, ondoka.

Nasisitiza hili kwa sababu lilinipata. Besi yangu ya kwanza ya nyuzi tano nilinunua kwenye duka moja Dar, muuzaji alifungulia nobu ya besi mpaka mwisho kwenye amplifaya kubwa, duka likatetemeka, nikaona hii ndo yenyewe. Nimefika nayo Dodoma, Jumapili nimechomeka kwenye miksa, B haina noti, na kuanzia freti ya 3 inapanda juu ya ki. Nilipopiga simu nikaambiwa bidhaa ikishatoka hairudi. Iliniuma kwa muda mrefu maana ile hela haikuwa yangu peke yangu. Kwa hiyo ukiwa dukani rudisha nobu zote za toni kwenye amplifaya katikati, na kama kuna hedifoni sikiliza kwa hedifoni, spika ndogo ya inchi 8 haiwezi kutoa B yenyewe, ile inatetema kama mara 31 kwa sekunde na spika inakutolea tu zile sauti zake za juu.

Urefu wa uzi kutoka nati (kile kipande chenye mifereji karibu na kichwa) mpaka briji, nyingi ni inchi 34. Kuna za inchi 35, hiyo inchi moja inaongeza mkazo kama asilimia 6 kwa uzi ule ule, kwa hiyo B inakaza kidogo. Usiikimbilie kwa sababu ya namba tu, nimeshika za 34 zenye B nzuri sana, na ile ya 35 freti za mwanzo zinakuwa mbali kwa mwenye mkono mfupi.

Nafasi kati ya uzi na uzi ndo watu wanasahau. Uliyezoea nyuzi nne umezoea kama milimita 19 pale kwenye briji. Ibanez SR305 ni 16.5, Yamaha TRBX305 ni 18. Nyembamba ni rahisi kwa vidole lakini ukipenda kuchapa kwa dole gumba utagonga nyuzi mbili kwa mpigo. Vaa mkanda usimame, dakika kumi, achia mikono uone kama kichwa kinaanguka chini. Ibada ya shukrani inachukua masaa matatu, bega litakuambia.

Sasa pikapu, zile sumaku chini ya nyuzi zinazochukua sauti, na hapa naongelea umeme wetu. Kumbi nyingi na makanisa mengi waya wa ethi haupo au upo kwa jina tu, na pikapu za koili moja zile za aina ya Jazz zinavuta mlio wa umeme. Ukifungulia pikapu zote mbili sawasawa kwa kawaida mlio unakatika, ukipunguza moja tu unarudi. Hamubaka, yaani pikapu za koili mbili, zinaupunguza sana mlio huo. Kama gitaa litazunguka, leo kanisani, Jumamosi harusi ukumbini, wiki ijayo mkutano wa nje na jenereta, mimi ningechukua hamubaka mbili. Mbili na sio moja, kwa sababu ya mbele inakupa sauti nene ya kuabudu na ya nyuma inakupa ile ya kung'ata ya sebene, unahama kwa nobu moja.

Yenye betri au isiyo na betri? Yenye betri ya volti 9 inakupa kuongeza na kupunguza besi na trebo kwenye gitaa lenyewe, na inaingia kwenye miksa moja kwa moja bila shida kubwa. Isiyo na betri inataka DI boksi (kile kiboksi cha kulinganisha gitaa na miksa) katikati, bila hiyo sauti inakuwa imefunikwa blanketi. Kama DI boksi haipo na haitanunuliwa karibuni, chukua yenye betri. Ila jamani ukimaliza chomoa waya kwenye gitaa, waya ukiwa umechomekwa betri inaliwa hata kama hupigi, na betri ikianza kuisha sauti inakwaruza, watu wanaanza kulaumu spika.

Majina sasa. Yamaha TRBX305 ndo ninayowaambia wengi, inchi 34, hamubaka mbili, ina swichi yenye toni tano zilizopangwa tayari, kwa mtu ambaye bado hajui kuchezea nobu inamsaidia, na kwa nilizoshika B yake inaeleweka. Ibanez GSR205 ni ya bei ya chini zaidi, nyepesi, ina nobu ya kuongeza besi, ila hii uipime B moja moja usiagize kwa picha. SR305 ni dada yake mkubwa, shingo nyembamba, nzuri kwa wenye vidole vifupi. Squier Affinity Jazz Bass V ina ile sauti ya Jazz kweli kweli lakini kumbuka nilichosema kuhusu umeme. Sterling by Music Man Ray5 ina hamubaka moja, ni ndugu wa bei nafuu wa StingRay 5 iliyotoka 1987, inapenya kwenye kelele yoyote, ila kwa nyimbo za taratibu mimi naona inapiga kelele kidogo. Hizi huko Marekani zikiwa mpya mara nyingi ni dola mia kadhaa, hapo bado usafiri na ushuru, kwa hiyo ukiuziwa moja mpya kabisa kwa robo ya hapo, kagua maandishi, skrubu na mlango wa betri kwa makini sana.

Na usitumie hela yote kwenye gitaa. Bakiza ya nyuzi mpya seti nzima, waya mzuri, begi lenye sponji, na ya fundi wa kuliweka sawa. Kama ukitoa hizo hela haitoshi nyuzi tano nzuri, kuna njia, nunua ya nyuzi nne nzuri, vaa B E A D, toa G, nati ichongwe kidogo uzi mnene ukae. Unapoteza juu unapata chini, na kwa kwaya inafanya kazi vizuri tu.

Sasa hili la Dodoma, tafadhali lisome vizuri. Besi nyingi tunazitoa Dar, kule hewa ina unyevu. Ukiipakia kwenye treni asubuhi, mchana iko huku kwetu kwenye hewa kavu, na mbao inaanza kupoteza maji. Shingo inanyooka kupita kiasi, nyuzi zinashuka, freti za mwanzo zinaanza kulia zzz hasa kwenye B, na mtu anasema nimeuziwa bovu. Sio bovu. Iache ndani ya begi lake wiki mbili, sio ukutani karibu na dirisha, isizoee kwa fujo, ndipo urekebishe. Kandamiza uzi freti ya kwanza na ya mwisho, angalia uwazi pale freti ya 7 au 8, unatakiwa upite unene wa kadi ya biashara tu. Ikiwa hamna uwazi kabisa legeza fimbo ya ndani ya shingo kwa kile kifunguo cha pembe sita, robo mzunguko kinyume cha saa, tyuni, subiri mpaka kesho, pima tena. Usizidishe robo kwa siku. Mvua zikishika Desemba mpaka Aprili inageuka, shingo inajikunja mbele nyuzi zinapanda, unakaza robo hiyo hiyo. Kwenye freti ya 12 mimi naacha B kama milimita 3 na G kama 2.

Na ukija kununua ya mtumba hapa hapa mjini, nenda Julai au Agosti kwenye ule upepo mkavu. Pitisha kiganja pembeni ya shingo juu mpaka chini, kama ubao umesinyaa ncha za freti zitakukwaruza kama msumeno. Gitaa lililopita Agosti kadhaa za huku na pembeni bado ni laini, mbao yake imetulia, hilo nalilipia hata zaidi kidogo.

Siku ya kulipeleka kanisani ongea na watu wawili kwanza. Mpiga kinanda, aachie besi ya mkono wa kushoto, maana wengi wamezoea kuijaza wenyewe na mkigongana huko chini hamna atakayesikika. Na fundi mitambo, akate kile kilicho chini ya hezi 30 hivi (mitetemo kwa sekunde), spika zitapumua na B itasikika vizuri zaidi kuliko akiongeza. Kwaya ikiingiza mapigo ya muheme, zile ngoma za akina mama wa Kigogo zinakaa chini huko huko, hapo panda na besi yako freti za katikati waachie nafasi, B iguse mwisho wa mstari tu.