Kozi ya mtandaoni: namna ya kumfanya mwanafunzi afanye kazi, si kutazama tu

Darasani unasoma nyuso. Mtandaoni una majina na maikrofoni zilizozimwa, kwa hiyo hujui nani ameelewa mpaka afanye kitu.

1. Anza na zoezi. Kabla ya kugusa slaidi, andika kazi ambayo mwanafunzi ataifanya mwisho wa somo. Kisichomsaidia kuifanya kiondoe, hata kama unakipenda sana.

2. Rekodi video fupi. Utafiti wa mwaka 2014 kuhusu video za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, ulionyesha kwamba muda wa kawaida wa kutazama hauzidi dakika 6, hata video ikiwa ndefu. Video moja, wazo moja. Weka na maandishi yake, maana si kila mtu ana intaneti ya kuhimili video.

3. Kwenye kipindi cha moja kwa moja, uliza swali linalodai jibu. Hapa ndipo kozi nyingi hufia. "Mmeelewa?" hujibiwa na mmoja, wengine kimya. Kwenye somo la hesabu za biashara, mimi huuliza hivi: "Mauzo yamepanda kwa 10,000, gharama zimepanda kwa 12,000. Faida imekuwaje? Andikeni kwenye gumzo, lakini msitume mpaka niseme." Kisha nanyamaza dakika nzima. Ukimya huo unatisha mwanzoni. Uvumilie, watu wanafikiri na kuandika. Nikisema "tumeni", majibu yanaingia pamoja na hakuna aliyenakili kwa mwenzake. Nikiona 22,000, najua kuna waliojumlisha badala ya kutoa. Simtaji mtu. Nauliza tu: "Mtu anaweza kufikaje kwenye 22,000?" Mara nyingi aliyekosea hujieleza mwenyewe, na maelezo yake huwafaa wote.

Kamera usizilazimishe. Jibu lililoandikwa linakuambia mengi kuliko uso.

4. Sahihisha mapema. Rudisha kazi kabla ya zoezi linalofuata, ukionyesha jambo moja la kurekebisha na mahali lilipo. Maoni kumi kwa mpigo hayasomwi.

5. Watafute walionyamaza. Kila wiki pitia orodha ya waliowasilisha. Asiyewasilisha mwandikie yeye binafsi, si kwenye kundi: "Sijaona zoezi lako la wiki hii. Umekwama kwenye video, kwenye swali, au kwenye kupakia faili?" Swali la namna hiyo ni rahisi kujibu kwa neno moja, na neno hilo linakutosha kujua umsaidie wapi.