Kubana matumizi kama nyumba ya Kihindi: mwongozo kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki aliyeko India

Anayetoka Dar, Mombasa au Kigali kwenda kusoma Pune, Bengaluru au Hyderabad huwa ameshapiga hesabu ya ada, nauli na kodi ya chumba kabla hajapanda ndege. Hesabu hiyo kwa kawaida iko sawa. Kinachomaliza pesa ni chakula cha kuagiza kwa simu, kiyoyozi kinachounguruma usiku kucha, na vitu vya rejareja vinavyonunuliwa kila jioni. Tena visa ya mwanafunzi haikuruhusu kuajiriwa, kwa hiyo shimo ukishalichimba utalifukia kwa kupiga simu nyumbani.

Ukuta wa pili kutoka chumbani kwako inaishi familia ya watu watano yenye mshahara mmoja wa kawaida. Wanakula wakashiba, watoto wanalipiwa ada, na akiba inabaki. Nimekaa Pune kwa mama mmoja wa Kimarathi anayepangisha wanafunzi. Sisi wote tulimwita Aunty, kama ilivyo desturi huko. Yeye hajinyimi kitu, ila hakuna kinachotoka nyumbani mwake kabla hakijamaliza kazi yake. Ukilishika hilo, mengine yote utayaelewa. Nitakayosema ni ya Maharashtra zaidi, jimbo ambalo Pune imo. Punjab au Tamil Nadu vyakula vitabadilika, lakini mwendo ni uleule.

Jikoni ndiko pesa inakobaki

Chombo cha kwanza ni sufuria ya presha. Ndani yake huingia vyombo viwili au vitatu vya stili vilivyopangwa kimoja juu ya kingine: chini dengu au mbaazi, katikati wali, juu viazi. Moto mmoja, vyakula vitatu. Mikunde migumu kama njegere kavu na maharage mekundu hulowekwa tangu usiku, na mpishi huhesabu miluzi badala ya kuangalia saa. Mtungi wa gesi wa majumbani ni wa kilo 14.2, na familia inajua kabisa mtungi wao unatakiwa ufike siku gani. Wewe mgeni usiye na uthibitisho wa makazi unaweza kununua mtungi mdogo wa kilo 5 kwa kuonyesha kitambulisho tu. Uliza kwa wakala wa gesi wa mtaani kwako.

Chakula cha kila siku ni mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa, wanazoziita tur. Wakulima wa Lindi, Mtwara na Babati wanalijua vizuri soko hili, maana India ilipoweka kikomo cha kuagiza mbaazi mwaka 2017, bei kwetu ilianguka vibaya. Choroko utazipata kwa jina la moong, kunde kwa jina la lobia. Ukiwa Karnataka, jimbo la Bengaluru, utafarijika zaidi: ulezi huitwa ragi, na wenyeji wanausonga ugali mweusi wa mviringo, wanauita mudde, wanaula na mchuzi kwa mkono. Kaskazini wakati wa baridi kuna unga wa mahindi na majani ya haradali, na mchanganyiko huo utakutuliza kama umekumbuka sukuma wiki.

Sasa tazama kiporo. Wali wa jana asubuhi huwekwa kwenye mafuta ya moto yenye haradali, bizari manjano, kitunguu na pilipili mbichi, ukawa kifungua kinywa. Chapati zilizolala huchambuliwa vipande vidogo na kufanyiwa vivyo hivyo. Dali, yaani mchuzi mzito wa mbaazi au dengu, iliyobaki hukandiwa kwenye unga badala ya maji, zikatoka chapati zenye ladha kuliko zile za kwanza. Maganda ya dodoki husagwa na karanga au ufuta yakawa chatne, na mabua ya kotimiri huingia humohumo. Aunty hakuwahi kuniambia kwamba anafanya hivi ili kubana pesa. Kwake huo ndio upishi wenyewe, na mimi naona hapo ndipo tunapokosea: tunadhani kuweka akiba ni kula vibaya, kumbe vyakula vitamu kuliko vyote nilivyokula India vilitokana na masalio.

Maziwa yanastahili aya yake. Yanauzwa kwenye pakiti za nusu lita. Yakishachemshwa na kupoa, utando mzito wa juu hukusanywa kwenye bakuli na kuwekwa kwenye friji. Bakuli likijaa baada ya wiki moja hivi, hutiwa kijiko cha mtindi, hulala usiku mmoja, kisha hupigwa mpaka siagi ijitenge. Siagi ikichemshwa taratibu inakuwa samli. Maji yaliyobaki siagi ilipojitenga hutiwa chumvi na bizari nyembamba na kunywewa mchana wa joto. Mtindi wenyewe haununuliwi, kwani kijiko kimoja cha jana hugandisha maziwa ya leo. Na pakiti tupu huoshwa, hukaushwa na kuhifadhiwa kwa ajili ya mnunuzi wa taka, ambaye nitamfikia.

Sokoni na kwenye duka la mtaa

Mwanzo wa mwezi mama wa nyumba huandika orodha moja ya mchele, unga, dali, mafuta, sukari na sabuni, na kijana wa duka la mtaa huwaletea vyote. Katikati ya mwezi hununuliwa mboga na maziwa tu. Jiwekee sheria hiyo. Kila safari ya dukani bila orodha inaondoka na biskuti, soda na kitu kingine ambacho hukukikusudia.

Kila bidhaa ya pakiti imechapishwa herufi MRP na bei. Hiyo ndiyo bei ya juu kabisa inayoruhusiwa kisheria, kodi ikiwa ndani. Muuzaji hana haki ya kukuongeza hata rupia moja kwa sababu wewe ni mgeni, ila kukupunguzia anaweza. Mboga hazina maandishi hayo, kwa hiyo sikiliza kipimo: mara nyingi bei inayotajwa ni ya robo kilo, wanayoiita pav, wala si ya kilo nzima. Uliza kabla hajapima. Ukinunua mboga za kutosha kwa muuzaji mmoja, omba kotimiri na pilipili chache za nyongeza. Si ombaomba, ni desturi ya soko, na wauzaji wengi watakutilia kwa tabasamu. Soko la wiki likikaribia kufungwa usiku, bei hushuka zaidi.

Msimu ndio bosi. Kuanzia Novemba hadi Februari njegere mbichi, karoti na koliflawa huwa rahisi, na familia humenya njegere na kuzigandisha. Aprili na Mei ni wakati wa achari ya maembe mabichi, na wa kununua ngano ya mwaka mzima, inayotunzwa kwenye pipa la stili pamoja na majani makavu ya mwarobaini, kisha kupelekwa mashine kidogokidogo. Mvua za Juni zikianza, mboga hupanda bei. Julai 2023 nyanya zilivuka rupia 200 kwa kilo katika miji mingi. Watu walitia uchachu kwa ukwaju, mtindi au kokum, tunda kavu la pwani ya magharibi, na maisha yakaendelea. Usikipende kiungo kimoja mpaka kikutawale.

Kuhusu nyama, kubaliana na mwenye nyumba kabla ya kulipa. Nyumba nyingi haziruhusu nyama wala mayai jikoni, na kupika kwa siri ni kukosa adabu kunakoweza kukugharimu chumba.

Umeme, taka na dawa

Bei ya umeme hupanda kwa ngazi. Maharashtra uniti 100 za kwanza zina bei ya chini, kutoka 101 hadi 300 inapanda, na ukizidi hapo inapanda tena. Mkikaa wanne kwenye mita moja mtazivuka ngazi haraka. Feni ya kawaida ya dari hula wati 75 hivi, kiyoyozi hupita wati 1,000. Ukilazimika kukiwasha, kiache kwenye nyuzi 24 na feni izunguke. Mitungi ya udongo ya kupozea maji inafanya kazi nzuri sana kwenye joto kavu. Hita ya bafuni huwashwa dakika chache kabla ya kuoga, kisha huzimwa. Kuoga kwa ndoo na kopo nadhani hakuhitaji somo.

Mnunuzi wa taka ni kabadiwala. Hupita na mkokoteni na mizani, ananunua magazeti, maboksi, chupa, chuma na zile pakiti za maziwa. Pesa ni ndogo, lakini chumba kinabaki safi. Wapo pia wanawake wanaobadilisha nguo kuukuu kwa vyombo vya stili. Begi likikatika mkanda, tafuta fundi viatu wa kando ya barabara kabla hujaenda kwenye duka la mabegi.

Dawa nunua kwenye maduka ya mpango wa serikali uitwao Jan Aushadhi, yanayouza dawa zisizo na jina la kibiashara. Serikali inasema bei zake ni pungufu kwa asilimia 50 hadi 80 kuliko dawa zenye nembo. Mwombe daktari akuandikie jina la dawa yenyewe.

Yapo mambo nisiyokubali mtu abane. Maji ya kunywa yawe yaliyochujwa au ya madumu ya lita 20, kwani wiki moja ya kuumwa tumbo inakula akiba ya miezi. Chandarua au dawa ya mbu wakati wa mvua, kwa sababu dengue ipo kweli. Na usajili wako kwa FRRO, ofisi ya usajili wa wageni: mwenye visa inayozidi siku 180 hujisajili ndani ya siku 14 tangu afike, na ukichelewa kuna faini. Mkumbushe mwenye nyumba kuhusu fomu ya kutoa taarifa za mpangaji mgeni, iliyozoeleka kwa jina la Fomu C, nayo ni jukumu lake.

Ukifika wiki ya kwanza, kabla ya kununua chochote kipya waulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Mei na Juni wengi wanarudi nyumbani na wanauza godoro, feni ya meza, ndoo na jiko kwa bei ya kutupa. Sufuria ya presha pekee ningekushauri ununue mpya: ya lita 3 inamtosha mtu mmoja au wawili, iwe na alama ya ubora ya India iitwayo ISI, na ununue mpira wa akiba wa mfuniko siku hiyohiyo.