Kufukia mtaro wa bomba au nyaya barabarani Nairobi bila lami kubonyea

Kiraka cha lami kikibonyea miezi michache baada ya mtaro kufukiwa, lawama huiendea lami, na mara nyingi husingiziwa. Udongo wa chini ulimwagwa wote kwa mkupuo mmoja, ukashindiliwa juu juu, kisha magari na mvua ya Aprili vikamalizia kazi iliyoachwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu yale ambayo lami huyafunika.

Kabla sululu haijagusa barabara, jua ni ya nani. Sheria ya Barabara ya 2007 iliunda mamlaka ya KeNHA kwa barabara kuu za kitaifa na ya KURA kwa barabara za mijini; mitaa mingine mingi iko chini ya Kaunti ya Jiji. Kibali hutolewa na mwenye barabara, na masharti yake yakitofautiana na vipimo vya hapa, fuata ya kibali.

Udongo upi unarudi shimoni

Upande wa Kileleshwa, Lavington na Westlands utachimbua udongo mwekundu. Huo unaweza kurudi kwenye matabaka ya chini, mradi hauna mawe makubwa, mizizi wala vipande vya lami. Uufunike kwa turubai tangu siku ya kuchimba, maana ukinyeshewa usiku kucha, asubuhi una tope lisiloshindilika. Ukitoka kuelekea Embakasi, Donholm au Imara Daima unakutana na udongo mweusi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Huo usirudishe hata koleo moja. Upakie kwenye lori uondoke, na ulete maramu, yaani udongo wa changarawe wa kujengea barabara.

Chukua mtaro wenye kina cha mita 1.2 na upana wa nusu mita, wenye bomba la plastiki la milimita 110. Chini kabisa weka mchanga milimita 100, usawazishe, kisha laza bomba. Endelea na mchanga mpaka milimita 300 juu ya bomba, kwa mafungu mawili, huku ukishindilia pembeni kwa mkono. Penye shida ni chini ya mbavu za bomba, ambako mchanga hauingii wenyewe. Ni lazima kibarua ausukume kwa kipande cha mbao. Pakibaki pengo hapo, bomba hulemewa na uzito wa juu na kugeuka yai. Tandaza utepe wa onyo juu ya mchanga huo. Mashine isiingie mtaroni kabla ya kufika hapo.

Shimo likiwa na maji, yatoe kwa pampu kwanza. Mchanga uliomwagwa majini hukaa kwa ulegevu, na hakuna mashine ya juu itakayourekebisha.

Umeshatumia milimita 510, zimebaki 690. Za juu 350 ni za barabara yenyewe: 150 za maramu iliyochanganywa na saruji, 150 za kokoto iliyosagwa yenye ukubwa mchanganyiko pamoja na vumbi lake, na 50 za lami. Katikati zinabaki milimita 340 za kujaza kwa udongo au maramu, na hizi zigawe matabaka matatu. Tabaka lililoshindiliwa lisizidi milimita 150. Linapomwagwa huwa nene zaidi kwa karibu theluthi, kwa hiyo chora alama za chaki kwenye ukuta wa mtaro kabla ya kumwaga, ili asiwepo mtu wa kukadiria kwa macho. Kwa kila mita 10 za mtaro huu, matabaka hayo matatu yanameza mita za ujazo 1.7 zilizoshindiliwa, agiza 2.2.

Unyevu na mashine

Udongo mkavu ukishindiliwa hutoa vumbi na kelele tu. Finyanga konzi moja kiganjani: ikishikana, na ukiiangusha kutoka kiunoni ivunjike vipande vichache, iko sawa. Ikisambaratika kuwa unga, ongeza maji kidogo kidogo na kuchanganya. Ikikuachia maji mkononi, ianike.

Kwenye mtaro mwembamba tumia mashine ya kuruka yenye mguu mwembamba. Ile ya bamba la kutetemeka iache kwa tabaka la kokoto na lami. Pita mara nne kwa kila tabaka, ukianzia kingoni kabla ya katikati, kwa sababu kingo ndizo hubaki laini. Lengo ni asilimia 95 ya msongamano mkavu wa juu kabisa (uzito wa udongo mkavu kwa ujazo) uliopimwa maabara kwa udongo uleule.

Kupima haraka, tumia fimbo ya koni yenye nyundo ya kilo 8 inayoanguka milimita 575. Ikizama kama milimita 9 kwa pigo, nguvu ya tabaka inakaribia CBR 30 (CBR ni kipimo cha uwezo wa tabaka kubeba mzigo), kiwango kinachotosha kwa maramu. Ikizama 17, uko karibu na 15. Hiyo inavumilika chini, kwenye tabaka la kujaza, lakini haifai karibu na lami. Weka alama kwenye fimbo ili usimame kabla ya kufika kwenye bomba. Kuna waliopima vizuri sana wakatoboa bomba.

Kwa maramu yenye saruji, mfuko mmoja na nusu wa kilo 50 kwa mita ya ujazo iliyoshindiliwa unatosha. Ukishaweka maji una saa mbili za kumaliza kushindilia. Baada ya hapo saruji imeanza kushika, na kuishindilia ni kuivunja. Funika kwa magunia yaliyoloa. Kama barabara lazima ifunguliwe jioni, laza bamba la chuma.

Barabara ikiteremka, mchanga wa chini hugeuka njia ya maji: mvua ya juu ya mlima inatembea kando ya bomba na kutokea kwenye lami ya chini. Kila mita 20 hadi 30 ziba mtaro kwa kizuizi cha zege au udongo mzito wa mfinyanzi. Hatua hii hurukwa karibu kila mahali.

Lami

Kata lami kwa msumeno, mstari ulionyooka, milimita 150 nje ya kila ukuta wa mtaro, kwa sababu uchimbaji hulegeza kando. Kikibaki kipande chembamba kisichofika milimita 300 kati ya kiraka na ukingo wa barabara, kiondoe nacho. Jitahidi mstari wa kiungo usiangukie pale matairi yanapopita.

Fagia kokoto, kisha paka lami ya maji (lami iliyochanganywa na maji) juu yake na kwenye kingo zote za wima. Ikipakwa huwa ya kahawia kama chai ya maziwa. Subiri iwe nyeusi kabisa ndipo umwage lami ya moto. Mchanganyiko ufike ukiwa na nyuzi 140 hadi 160 za Selsiasi, lori likiwa limefunikwa. Mwaga unene wa milimita 60 upate 50, na umalize kushindilia kabla haujashuka chini ya nyuzi 90. Kwenye kiraka kidogo joto hutoroka upesi, kwa hiyo mashine iwe tayari imewashwa. Lami baridi ya mifuko ni ya muda tu.

Laza rula ya mita 3 kukatiza kiraka. Pengo lisizidi milimita 6, juu au chini. Wanaoacha mgongo kwa kusema magari yataushusha wanakiri kwamba hawakushindilia.

Kwenye kabro, yaani matofali ya zege ya kutandaza barabarani, hesabu ni ileile hadi tabaka la kokoto. Juu yake mchanga wa milimita 30 hadi 50, basi. Kokoto ikiwa chini, ongeza kokoto. Mchanga mnene huhama na matofali yanacheza. Panapopita magari tumia kabro za milimita 80, si za 60.

Rudi kukagua baada ya mvua za kwanza. Kiungo kilichofunguka kijaze lami ya moto siku hiyohiyo. Kiraka kilichobonyea zaidi ya milimita 10 usikiongezee lami juu. Fungua, pima kwa koni, shuka hadi tabaka lililolegea, na uanzie hapo.