Lengo la Poka Lisiwe Pesa

Vijana wengi wanaoanza poka ya mtandaoni hapa Malindi hunijia na lengo moja: "Mwezi huu nataka dola 200." Huwaambia walifute kabla hatujafungua meza. Lengo zuri ni lile unaloweza kulitimiza hata siku ambayo karata zimekukataa.

Hatua ya 1: Tenga mtaji. Uwe pesa ambayo ikipotea yote, karo haikwami na kodi inalipwa. Mkopo wa simu usiuguse kabisa. Mtaji utoshe kununua kiti, yaani pesa unayoingia nayo mezani, mara 30 au zaidi. Meza ya blaindi za senti 1 na 2 (madau ya lazima ya wachezaji wawili kabla ya karata kugawiwa; la senti 2 ndilo blaindi kubwa), kiti kamili ni dola 2, basi anza na dola 60. Na kama dini yako inakataza kamari, ishia hapa ndugu yangu. Hakuna hatua iliyo chini itakayoihalalisha.

Hatua ya 2: Elewa kwa nini pesa hudanganya. Hapa nataka utulie. Chukua mchezaji mzuri wa meza ya watu sita, anayepata wastani wa blaindi kubwa 5 kwa kila migao 100. Katika migao 10,000 anatarajia faida ya blaindi 500. Lakini mpando na mshuko wa bahati katika migao hiyo hufika blaindi 800 hadi 1,000 kila upande. Maana yake, takriban mara tatu katika kumi mtu huyu, na uzuri wake wote, atamaliza migao 10,000 akiwa na hasara. Wewe wa wiki mbili utajuaje kwa salio kama umeiva?

Hatua ya 3: Andika lengo moja la uamuzi. Moja tu, kwenye daftari. Kuna aina 169 za karata mbili za kuanzia; lengo la kwanza laweza kuwa: "Nikiwa wa kwanza kuzungumza, sichezi karata iliyo nje ya orodha yangu ya karata za kuanzia." Linalofuata liwe la hesabu. Tuseme una kopa nne ukijumlisha na za mezani, unangojea ya tano, imebaki karata moja kufunguliwa. Kopa zilizobaki ni 9, karata usizoziona ni 46: nafasi yako ni karibu asilimia 20. Mezani kuna dola 6, mpinzani anaweka 3. Unalipa 3 ili jumla iwe 12, yaani unahitaji asilimia 25. Tupa, isipokuwa una hakika atakulipa zaidi kopa ikitoka. Angeweka dola 1, ungehitaji asilimia 12.5 tu, fuata bila wasiwasi. Hesabu hii ifanye kila unapongojea karata, mpaka ije yenyewe.

Hatua ya 4: Panga saa na kikomo. Kuanzia saa tatu usiku ni vizuri, maana Ulaya watu wametoka kazini na wanaocheza kwa burudani wanaingia. Chaji simu na uwe na bando, stima ikipotea usiachwe katikati ya mgao. Pesa ya viti vitatu ikiisha, funga. Anayefukuza hasara haamui tena, anakimbizwa na hasira, na hapo ndipo nimeona watu wazima wakimaliza mshahara.

Hatua ya 5: Kagua. Programu nyingi huhifadhi historia ya migao. Jumapili chagua migao kumi iliyokutatiza, ficha matokeo, uulize tu: lengo nililifuata? Mweleze na mwenzako anayecheza; ukishindwa kueleza sababu ya dau lako, hukuwa nayo.

Ukilitimiza mara tisa katika kumi kwa mwezi mzima, hamia lingine. Mimi huwapeleka kwenye uchezaji wa nafasi ya anayeweka blaindi kubwa. Hata wachezaji bora hupoteza wakikaa nafasi hiyo, kwa hiyo kazi ni kupunguza kinachovuja.